Jua Lisilopakwa Rangi

Baba yangu ni Bakari bin Shee, mama yangu ni Mwanakombo binti Athumani, nami nilizaliwa Chundwa, katika kisiwa cha Pate. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Nawataja kwanza kwa kuwa ndio walionifundisha kukaa kitako na kukimaliza nilichokianza, na kazi nitakayoieleza hapa haikutaka zaidi ya hayo.

Skuli sikupata kuingia. Nilipofika umri wa kwenda, baba aliwatazama mbuzi wake, akalitazama konde, akasema neno moja la kwetu: "Itangoya." Maana yake, skuli itangoja. Haikungoja. Ilikwenda zake na wenzangu, nami nikabaki na jembe. Simlaumu, kwani njaa ilikuwa karibu nasi kuliko mwalimu. Chuoni alinipeleka, nikahitimu Kurani, na kwa hilo namshukuru kila nisimamapo kusali. Lakini herufi za skuli nilizijua nikiwa na mvi, nimekaa juu ya jamvi na watoto wa chekechea, kila mmoja wetu ameshika kipande chake cha krayoni.

Anayeandika maneno haya ni mjukuu wangu Zena, aliye sekondari. Kalamu yake imesimama kwenye lile neno la baba.

"Babu, niandike 'itangoja'? 'Itangoya' si sanifu. Mwalimu wangu angeona hii angenikata maksi."

"Sikukuuliza kama ni sanifu. Nimekwambia ndivyo alivyosema. Andika."

"Sawa, Babu, naandika. Usikasirike."

"Na hilo nalo uliandike, kwamba sikukasirika."

Basi enyi vijana mnaoingia katika kazi ya kulea watoto wadogo, nanyi akina mama na akina baba ambao watoto wenu bado wanakula uji, ninyi ndio ninaosema nanyi. Nimefanya kazi katika chekechea ya hapa Matondoni mpaka magoti yalipokataa kukunjika. Nitawaeleza jinsi rangi inavyomfungulia mtoto mlango wa kusoma. Pia nitawaeleza habari za msichana mmoja, Mwana binti Lali, aliyekaribia kuambiwa neno lile lile nililoambiwa mimi. Mkiyashika ya Mwana, mengine mtayaelewa wenyewe.

Tuanze na krayoni yenyewe. Mtoto mdogo msimpe krayoni nzima. Ivunjeni.

Siku ya kwanza nilipozivunja mbele ya Mwalimu Nyambura, alishika kichwa. Alikuwa ametoka bara, akaletwa kwetu kufundisha, na zile krayoni alikuwa ameziomba kwa watu kwa muda mrefu.

"Mzee! Hizo ni mpya!"

"Bado ni mpya, Mwalimu. Sasa ni mpya na fupi."

Nilimwambia nilichokijua kutokana na brashi ya kupakia mashua: ikiwa ndefu, mwanafunzi huikamata kwa ngumi kama mchi, na mstari wake huenda upendako. Ikiwa fupi haina pa kushikwa ila kwa ncha za vidole. Mwalimu alichukua kipande kimoja akajaribu, akakigeuza, akakitazama. Kisha akaniambia nami nisilolijua: kwamba vidole vile vitatu vinavyoshika krayoni ndivyo vitakavyoshika penseli, kwa hivyo mtoto anayepaka rangi leo anajifunza kuandika kabla ya kujua kwamba anajifunza. Tangu siku hiyo tulizivunja pamoja. Yeye alikuwa na sababu yake, nami yangu, na krayoni zilikuwa fupi vilevile.

Tena, ziwekeni karibu na mtungi wa maji, pale penye ubaridi. Niliwahi kuziacha dirishani wakati wa joto, nikarudi nikakuta rangi zote zimekumbatiana kama jamaa msibani. Watoto walifurahi kuliko siku nyingine yoyote, kwa kuwa kila mstari ulitoka na rangi nyingi. Mwalimu hakufurahi.

Na la tatu, ambalo ni kubwa kuliko hayo: mkono ukienda, mdomo nao uende. Mtoto anayejaza rangi ndani ya herufi m aseme "mmm" kwa kila mpako, kama ng'ombe aliyekosa ndama wake. Darasa litakuwa na kelele, vumilieni. Rangi isiyokuwa na sauti ni chokaa ya ukutani tu. Nilipokuwa nikipita kati yao, sikuuliza, "Umechora nini?" wala sikusema, "Vizuri, vizuri," kwani mtoto akisifiwa kwa kila kitu hujua mara moja kwamba hatazamwi. Niliuliza, "Hii yasemaje?" Asiyejua alirudi kwa mwenzake kuuliza. Walinikhofu kidogo. Haikuwadhuru.

Mtashangaa mtu asiyesoma alifikaje kwenye herufi. Nilikuwa mpaka rangi wa mashua hapa Matondoni. Mafundi walipomaliza kuunda, mimi nilikuja na makopo yangu. Nilipaka mbavu, nikachora mapambo pande zote mbili za omo, yaani mbele ya chombo: mwezi, nyota, duara. Jina la mashua liliandikwa kwa chaki na mtu ajuaye kuandika, mwili wa kila herufi ukiwa wazi katikati, nami nikajaza. Nilijaza majina ya mashua za watu miaka na miaka bila kujua hata moja linasemaje. Mkono wangu ulikuwa msomi, mimi nikiwa mjinga nyuma yake.

Siku moja mwenye mashua, Bwana Famau, alimleta karani akaandika "SUBIRA" upande mmoja, kisha karani akaitwa kwenda zake kabla ya kuandika upande wa pili. Sikuona shida. Mwezi wa upande huu hutazamana na mwezi wa upande ule. Nyota hutazamana na nyota. Pambo lolote la omo hugeuzwa ili pande mbili zilingane. Basi nami nikaligeuza jina. Kila herufi niliigeuza mgongo, nikaipanga kutoka mbele kwenda nyuma, nikaipamba kwa ukingo mweupe. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Karani aliporudi alikaa chini mchangani kwa kicheko. Mafundi wakanizunguka.

"Fundi, subira yako imegeuka!"

"Mashua hii itasafiri kinyumenyume!"

Bwana Famau alisimama akalitazama jina la mashua yake, akapiga mkongojo chini. "Liateni," akasema, yaani liacheni. "Mwenye haraka atasoma upande ule. Mwenye subira atakwenda kutafuta kioo."

Nimewaeleza haya si ili mcheke, ingawa Zena anacheka hapa nilipo. Nimewaeleza kwa sababu mtoto akigeuza herufi yake, b ikawa d, msimpigie kelele. Anafanya nilivyofanya mimi. Tangu azaliwe ameona kwamba punda akitazama kusini ni punda, na akitazama kaskazini ni punda yule yule. Kikombe ukikigeuza mkono hakiwi sahani. Ni herufi peke yake, kati ya vitu vyote vya dunia, inayobadilika jina kwa kugeuka. Hilo si jambo la kujua kwa akili. Linataka kuzoewa kwa mkono. Kwa hivyo sisi tuliipaka b tumbo lake kwa buluu, daima buluu, na d tumbo lake kwa nyekundu, mpaka mtoto akawa anaiona rangi hata mahali ambapo rangi haipo.

Mashua zilipopungua na miguu yangu ikachoka kupanda jukwaa, nilipata kazi ya kutunza chekechea: kufagia, kuteka maji, kufungua na kufunga. Mwalimu Nyambura alinikuta napaka mlango. Alisimama nyuma yangu, akaniuliza kama naweza kumchorea herufi kubwa zenye tumbo wazi, kwani hakuwa na vitabu vya kutosha na alitaka kila mtoto awe na herufi yake ya kujaza.

"Mwalimu, mimi sisomi."

"Sijakuomba usome, Mzee. Nimekuomba uchore."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno lenye heshima kubwa kuliko hilo, na mwenyewe sidhani alijua. Nilichora. Yeye alinipa mfano, akanitamkia sauti, nami nikaurudia mfano. Karatasi zilipelekwa Amu mjini kutolewa kopi. Hivyo ndivyo nilivyozijua herufi, moja baada ya nyingine, kwa kuwa mtu hawezi kuijaza herufi huku watoto wakiimba sauti yake asubuhi nzima, kisha alale bila kuijua.

Tulitengeneza michoro ya siri. Picha iligawanywa vipande vipande, na ndani ya kila kipande iliandikwa herufi. Penye m paka buluu, penye s paka kijani. Mtoto hakujua ni picha gani mpaka asome kila herufi, na akikosea herufi moja picha humkatalia. Mara ya kwanza alitokea samaki, na darasa lote likasimama juu ya jamvi.

"Ni samaki! Samaki!"

"Samaki gani huyu, hana mapezi?" akauliza mmoja.

"Babu ameyala mapezi!"

Nilikuwa nimesahau mapezi. Watoto wa Matondoni huwezi kuwadanganya kuhusu samaki. Nilirudi nikayachora, na kila picha tangu hapo waliikagua kama watu wa forodha.

Palikuwa na jambo jingine lililompa taabu Mwalimu. Watoto wetu hutoka chuoni, ambako alifu huanzia kulia. Ukimpa mstari wa herufi za kupaka, yeye huanza mkono wa kulia, na kwake hiyo ndiyo adabu. Mwalimu aliona ni kosa. Mimi niliona ni kosa kumwambia mtoto kwamba alichofundishwa chuoni ni kosa. Tulikubaliana hivi: katika kila karatasi ya skuli nilichora punda mdogo ukingoni mwa kushoto, na watoto waliambiwa kwamba karatasi ya skuli huanzwa alipo punda. Karatasi ya chuoni haina punda. Hawakuchanganya tena. Na Maalimu wa chuoni alipoisikia habari ya punda, alicheka mpaka kilemba kikalegea.

Sasa nije kwa Mwana.

Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye mikono safi, asiyetoka nje ya mstari. Baba yake ni Bwana Lali, fundi wa mashua niliyefanya kazi naye. Mama yake, Bi Esha, husuka mikeka, na wakati huo alikuwa mja mzito, na nyumbani tayari mna wadogo. Mwana alikuwa amefika umri wa kuingia darasa la kwanza. Mwalimu wa darasa la kwanza huwapima watoto kwa kuwasomesha maneno machache, na asiyeyajua huambiwa akae chekechea mwaka mwingine. Kwa mtoto mwingine mwaka mmoja si kitu. Kwa Mwana, sote tulijua kwamba mwaka huo asingekaa chekechea. Angekaa jikoni.

Tulipofika herufi j, Mwalimu aliniomba nichore jua, jino, jiwe na jicho katika karatasi moja, na kati yao niweke vitu vingine: kiti, samaki, ngoma. Kazi ya mtoto ilikuwa kupaka rangi kila picha inayoanza kwa j na kuziacha nyingine. Nilichora, na kazi ilikuwa nzuri. Jua lilikuwa na miale, jino lilikuwa na mizizi.

Mwana aliirudisha nyeupe. Hakupaka chochote.

"Mwana, mbona hukupaka?" Mwalimu akamwuliza.

"Haimo."

"Nini haimo?"

"J haimo, Mwalimu."

Alipewa nyingine. Aliitazama kwa makini, akaitembeza krayoni juu ya kila picha akitikisa midomo, akairudisha nyeupe. Wenzake walipaka, lakini niliwaona wakichunguliana, na aliyekaa mbele akipaka kiti, wote walipaka kiti. Mwana hakuchungulia. Mwalimu alisikitika. Aliandika katika taarifa kwamba mtoto huyu hazijui sauti bado, na aliandika kwa uaminifu, kwani ndivyo alivyoona. Mimi nami niliona vivyo hivyo.

Bwana Lali alipopata habari, nilimwendea penye kazi yake. Alikuwa akiranda ubao, hakusimama.

"Bwana Lali, mtoto mwate aende akapimwe."

"Mzee wangu, apimwe nini? Mwalimu mwenyewe asema hajui. Mamake yuko ndiani kuzaa, nyumba ina watoto. Wewe waniambia nimtoe mkono wa kulia wa mamake ende akakae akitazama ukuta?"

"Sijasema akatazame ukuta."

"Mwakani, inshallah. Skuli itangoya."

Naapa sikuwa nimelisikia neno lile kwa sauti ile tangu Chundwa. Nilishika ukingo wa ule ubao. Sikumwambia habari za baba yangu, kwa kuwa mtu mzima haombi kwa machozi. Nilimwambia hivi tu:

"Siku ya kupimwa njoo mwenyewe. Akishindwa mbele ya mato yako, sitaweka neno. Akiweza, wewe usiweke neno."

Akaacha kuranda. "Haya," akasema. "Nitakuja. Lakini nakuhurumia."

Siku zilizofuata Mwalimu alimketisha Mwana karibu naye. Wakafika herufi y. Karatasi ya y ni maskini, vijana wangu. Maneno yake ni machache, na mimi nilikuwa nimechora yai peke yake, na nafasi tupu kubwa kulizunguka. Mwana alilipaka yai. Kisha, bila kuambiwa, alichukua krayoni ya manjano akachora kitu katika ile nafasi tupu, akakipaka vizuri, akaweka mkono juu yake kama mtu aliyefanya jambo asiloruhusiwa.

Mwalimu aliuinua ule mkono taratibu. Akaniita. "Mzee, hiki amechora nini? Maua?"

Nilitazama. "Si maua, Mwalimu. Ni yua."

"Ni nini?"

"Yua. Si hilo lililo juu?"

"Sema tena."

"Yua, Mwalimu. Yua!" Nilidhani amekuwa kiziwi.

Alikaa juu ya kiti cha mtoto, kile kidogo, magoti yakamfika kidevuni. Akaitafuta ile karatasi ya j, akaninyooshea kidole kwenye jino. "Na hili mwaliitaje nyumbani?"

"Ino."

"Na hili?"

"Iwe."

"Na hili?"

"Ito," nikasema, na neno lilipokuwa likinitoka mdomoni nami nikasikia. Nililisema huku nimeitazama ile j kubwa niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe, na j haimo. Haimo katika yua, haimo katika ino, wala katika iwe, wala katika ito. Mtoto alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Alikuwa ametamka kila picha kama mama yake anavyoitamka, akaisikiliza sauti ya kwanza kama Mwalimu alivyomfundisha, akaacha jeupe lililostahili kuachwa jeupe. Darasani pale hapakuwa na mtoto aliyesikia vizuri kuliko yeye.

Mwalimu Nyambura alimvuta Mwana akamkumbatia. "Nisamehe, mama," akamwambia. Mwana akauliza kama sasa anaweza kwenda kucheza.

Nataka mfahamu ni nani aliyeligundua hili. Mimi nilizaliwa katika maneno hayo na nisingelisikia mpaka kufa; aliyelisikia ni mgeni, kwa kuwa aliuliza "sema tena" wala hakuona haya. Mtu akikuuliza "sema tena," mshukuru. Wengi husikia walichokwisha kukikusudia.

Tulibadilisha kazi yetu siku ile ile. Kila picha tuliigawa katikati kwa mstari. Upande mmoja ulipakwa manjano, ukiwa wa neno la nyumbani. Upande wa pili ulipakwa buluu, ukiwa wa neno la kitabuni. Jua likawa nusu yua na nusu jua. Watoto walisema yote mawili, wakasikiliza ni sauti gani iliyobadilika, wakaitafuta kwa kidole. Njia na ndia. Mchanga na mtanga. Kichwa na kitwa. Mwalimu hakuwaambia kwamba moja ni sahihi na jingine si sahihi. Aliwaambia kwamba mtu mwenye nguo mbili hapungukiwi. Wakawa wanacheza mchezo huo hadi barabarani, mmoja anapiga kelele "Kichwa!" na wenzake wanajibu "Kitwa!" huku punda wakiwashangaa.

Siku ya kupimwa Bwana Lali alikuja na kanzu. Nilimheshimu kwa hilo. Tulikaa nyuma ya darasa, yeye, mimi na Mwalimu Nyambura, na mwalimu wa darasa la kwanza akamwita Mwana mbele. Alimwonyesha kadi ya kwanza, maneno matupu, hakuna picha. Mwana akaitazama akanyamaza.

Akanyamaza sana. Bwana Lali akajikohoza. Mwalimu Nyambura alikuwa ameshika mkoba wake kama mtu aliye ndani ya mashua inayoyumba. Mimi nilikuwa nikisoma kimoyomoyo Aya ya Kursi.

"Hulijui?" mwalimu akamwuliza.

Mwana akamgeukia baba yake. "Baba, nisome la kwetu au la kitabuni?"

Bwana Lali akanitazama mimi. Mwalimu wa darasa la kwanza akamtazama Mwalimu Nyambura, kisha akaweka kadi mezani, akasema kwa upole, "Soma yote mawili."

"La kitabuni ni jiwe. La kwetu ni iwe."

Kadi nyingine.

"Jino. La kwetu ni ino."

Nyingine.

"Jicho. La kwetu ito."

Ilipoinuliwa ya nne, Mwana akasema, "Jua," na kabla hajavuta pumzi baba yake akapaza sauti kutoka nyuma, "Yua!"

"Bwana Lali," mwalimu akamwambia, "hatukupimi wewe."

Darasa lote likacheka, naye akacheka, kofia akaivua akaivaa tena. Hakuwa mtu wa kucheka. Alipotoka nje alisimama nami kivulini mwa ukuta. Nilingoja aseme habari za nyumba na watoto, kwani zilikuwa kweli na hazikuwa zimeondoka.

"Mzee," akasema, "na mikeka je?"



Akatazama chini, akaikuna ndevu. "Basi. Mikeka itangoya."

Na ilingoja. Bi Esha alijifungua salama, dada yake akaja kutoka Mtangawanda kumsaidia, na baadhi ya mikeka ilichelewa, wenye mikeka wakanung'unika, na hakuna aliyekufa kwa kukaa juu ya mkeka wa zamani. Mwana sasa ni msichana mkubwa. Akinikuta njiani hunisalimu kwa neno la kwetu, kisha hulirudia kwa la kitabuni, kunichokoza.

Mwalimu Nyambura alihamishwa, akarudi bara. Namshukuru. Alinikuta na brashi, akaniacha na herufi. Namshukuru Maalimu wa chuoni aliyempa punda wetu ruhusa. Namshukuru Bwana Lali, ambaye ilimgharimu zaidi kuliko sisi sote. Nawashukuru wale watoto walionivumilia, kwa maana nilikuwa mkali, nami sikuwahi kusikia mtoto akikataa kuja. Na wewe Zena, nakushukuru kwa mkono wako, ijapokuwa umeandika huku umekunja mguu, jambo nililokukataza.

"Babu, hilo niliandike?"

"Yote."

Sasa sikiliza utakayoyatunza.

Brashi zangu mpe fundi yeyote wa Matondoni atakayezitumia. Brashi iliyotundikwa ukutani ni unywele tu. Karatasi za herufi nilizochora zirudishe chekechea, na zikichakaa wachore nyingine, wasizitie kwenye fremu. Wadogo zako wakija jioni na kazi ya kupaka rangi, usimshike mtoto mkono kumwongoza. Mshike sikio, yaani msikilize. Na ukimwona amekosea, kabla hujamwambia, mwulize mama yake kitu hicho hukiita nini.

Katika sanduku langu, chini ya kanzu ya Idi, ipo ile karatasi ya kwanza ya Mwana, yenye jua, jino, jiwe na jicho, vyote vyeupe. Mwalimu Nyambura aliniachia alipoondoka. Hiyo itunze. Panya wasiifikie, na maji ya mvua. Na ukija kupata watoto wako, na mmoja wao akaikuta akachukua krayoni akitaka kuimalizia, mzuie.

Mwambie kazi hiyo ilikwisha kumalizwa.